Kubadili bunduki ya hewa kutoka .177 kwenda .22: mtutu ndio kazi ndogo

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Leicester, nina Air Arms S410 ya .177 niliyoinunua kwa mtu. Mwenye shamba mmoja ameniruhusu nimpunguzie sungura, na wenzangu wananiambia .177 ni ya kutobolea makopo, ukitaka sungura chukua .22. Nimeona mtutu wa .22 unauzwa peke yake. Nikiununua nikaufunga, nimemaliza? Au fundi anaweza kuutanua huu nilio nao?

JIBU: Marahaba. Kuutanua, hapana. Kufunga mtutu mwingine, inawezekana, lakini hapo hujamaliza. Ndiyo kwanza unaanza.

Nianze na kutanua, maana swali hili naulizwa sana. Hizo namba ni upana wa tundu la mtutu, yaani kaliba, kwa sehemu za inchi: .177 ni milimita 4.5, na .22 ni milimita 5.5. Tofauti ya milimita moja inaonekana si kitu. Lakini ndani ya mtutu kuna mifuo, ile mistari iliyojipinda inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Ukipitisha keekee umeifuta yote, na itabidi ikatwe upya kwa mashine ambayo karakana nyingi hazina. Hapo bado hujahesabu ugumu wa kutoboa chuma kirefu namna hiyo bila keekee kwenda upande. Gharama itapita bei ya mtutu mpya. Mafundi wengine hufanya kinyume chake: mtutu mpana hutiwa bomba jembamba ndani yake ukawa wa kaliba ndogo.

Basi tuseme umenunua huo mtutu wa .22. Magazini yako ya .177 haitaipokea risasi ya .22, kwa hiyo unahitaji nyingine. Ncha ya bolti inayoisukuma risasi iingie kwenye mtutu lazima iwe ya kaliba hiyo, na vivyo hivyo oringi ya mahali hapo, ile pete ya mpira inayozuia hewa isivuje. Kisha kuna tundu linalopitisha hewa kutoka kwenye vali hadi nyuma ya risasi. Kama tundu la kwenye mtutu halikukaa sawasawa juu ya lile la kwenye mwili wa bunduki, hewa inavuja, na ukingo wake ukiwa mkali unaichana risasi sketi, yaani ukingo wake wa nyuma, inapopita. Mimi huisukuma risasi moja kwa mkono, taratibu, itokee mdomoni, halafu naitazama kwa kioo cha kukuzia. Ikitoka na mkwaruzo upande mmoja, kuna kazi ya kusawazisha bado.

Usisahau kizuia sauti. Kuna vilivyotobolewa kwa .177 tu. Risasi ya .22 ikipita humo itagonga vizuizi vya ndani, na utamaliza siku nzima ukiilaumu darubini.

Na kabla ya kugusa skrubu hata moja, toa hewa yote. Shinikizo hupimwa kwa bar: tairi la gari lina bar 2 na kidogo. Silinda ya bunduki yako inajazwa kufikia karibu bar 190. Hewa ya namna hiyo haichezewi.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Hapo Uingereza, bunduki ndefu ya hewa ni huru mradi isizidi futi-pauni 12, yaani jouli 16.27 mdomoni. Ikizidi, hata kwa robo jouli, si bunduki ya hewa ya kawaida tena. Inakuwa silaha inayohitaji cheti cha polisi chini ya sheria ya silaha ya 1968, na kukaa nayo bila cheti ni kosa. Kusema “sikujua” hakukuokoi.

Kubadili kaliba kunagusa hapo hapo. Hewa ile ile, kwa shinikizo lile lile, sasa inasukuma kitako cha risasi ambacho eneo lake limeongezeka kwa karibu nusu. Risasi yenyewe ni nzito, kwa hiyo inakawia ndani ya mtutu na kuzidi kusukumwa. Ndiyo maana bunduki iliyokuwa ikitoa jouli 15 kwa .177 inaweza kuvuka 16 kwa .22 bila mtu kugusa springi ya nyundo wala vali.

Kasi itakudanganya. Chukua risasi ya .177 ya gramu 0.547 inayotoka kwa mita 237 kwa sekunde: nguvu yake ni jouli 15.4 hivi. Weka .22 ya gramu 1.03 na kronografu, kile kipima kasi ya risasi, ikuonyeshe mita 183 kwa sekunde. Utasema imepoa. Piga hesabu: nusu ya uzito kwa kilo, mara kasi, mara kasi tena. Unapata jouli 17.2. Umeshavuka. Kwa risasi hiyo, mpaka wako uko kwenye mita 177 tu kwa sekunde.

Kupima nako kuna mtego. Mteja mmoja aliniletea bunduki aliyojibadilishia mwenyewe, kaandika kwenye karatasi kasi za risasi kumi za kwanza, zote safi. Lakini alipima silinda ikiwa imejaa. Bunduki isiyo na regyuleta, kifaa cha kusawazisha shinikizo, kama S410 ya kawaida, haina nguvu moja mwanzo hadi mwisho: ikijaa sana, shinikizo linaibana vali isifunguke vizuri, hewa ikipungua kiasi, nguvu inapanda, halafu inashuka. Nilipopiga hadi katikati ya silinda, ya kwake ilikuwa juu ya mpaka. Kwa hiyo pima mjazo wote. Na usipime kwa risasi ya aina moja. Kwenye bunduki za silinda, risasi nzito kwa kawaida hutoa nguvu zaidi; kwenye za springi, mara nyingi ni nyepesi. Mimi huishusha bunduki ya mteja hadi jouli 15.5 hivi kwa risasi nzito kuliko zote atakazotumia. Hiyo 0.8 hivi iliyobaki ni ya joto na baridi na bahati mbaya.

Ushauri wangu, basi: usiufunge mtutu huo nyumbani. Mpelekee fundi aliyesajiliwa polisi kufanya biashara ya silaha, mwenye kronografu, aubadilishe na kuirekebisha kabla bunduki haijatoka karakanani. Mwombe akuandikie vipimo.

Lakini umeniuliza kama fundi, ngoja nikujibu kama mtu anayepiga sungura pia. Wenzako wamekuzidishia chumvi. Kwa jouli zile zile, .177 ya kichwani inamuua sungura papo hapo, na haianguki sana njiani. Kwa hesabu nyepesi, bila kutia upinzani wa hewa, .177 hiyo ya mita 237 kwa sekunde inashuka sentimita 7.9 katika mita 30, ya .22 iliyoshushwa hadi mita 174 inashuka sentimita 14.6. Ukikosea kukadiria umbali kwa mita tano jioni, .177 inakusamehe zaidi. Uzuri wa .22 ni kwamba inapiga kwa kishindo na kusamehe kidogo ukigonga pembeni mwa pale ulipolenga. Ukijumlisha bei ya mtutu, bolti, magazini na fundi, pengine ni nafuu kuiuza hiyo na kununua ya .22 iliyotoka kiwandani hivyo. (Na kama wewe ni wa kuchinja, suala la sungura aliyekufa kwa risasi kabla ya kisu ni la mashekhe, mimi simo.)

Wenye bunduki za springi za kuvunja, zile zinazokunjwa mtutu ili kuzikoki, mfano Weihrauch HW95, wao kazi yao ni fupi: mtutu huja na kipande chake cha nyuma na hutoka kwa bolti ya bawaba. Hata hivyo kupima ni kule kule, na bunduki isiwe imekokiwa hata kidogo.

Mwisho, ukihamia Scotland utahitaji leseni hata kwa bunduki ya chini ya mpaka huo, tangu tarehe 31 Desemba 2016. Na usiifungie kwenye sanduku la kupeleka Mombasa ukidhani ni mchezo. Kenya bunduki ya hewa ni silaha ya cheti. Ukiamua kubadilisha, ule mtutu wa .177, bolti yake na magazini yake vipake mafuta uvifunge mfuko mmoja. Makopo ya risasi yaweke mbalimbali, maana .177 ndani ya mtutu wa .22 inateleza tu na kuanguka miguuni pako.