Kukata seli za malkia pekee hakuzuii kundi kugawanyika

Ndugu, umeuliza kwa nini unakata seli za malkia (vyumba vya nta ambamo nyuki hulea malkia mpya) na nyuki wanazijenga tena. Kukata kunachelewesha tu. Seli moja ikijificha kwenye kona ya sega, chini ya rundo la nyuki, kazi yote imepotea. Seli huzibwa takribani siku ya 8 tangu yai litagwe, na kwa kawaida malkia mzee huondoka na sehemu ya kundi seli za kwanza zinapozibwa. Ndiyo maana msimu wa kugawanyika, usipitishe siku 7 bila kukagua mzinga.

Kabla ya kukata tena, tafuta mayai yaliyosimama wima ndani, kwenye sakafu ya vitundu vya sega. Yasipokuwepo, huenda malkia ameshaondoka, na ukikata seli zote umeliacha kundi bila mrithi. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote.

Ligawe mwenyewe. Mhamishe malkia mzee kwenye mzinga mwingine pamoja na fremu (viunzi vya kushikia sega) 2 za majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyozibwa na 1 ya asali na chavua. Kung'utia humo nyuki wa fremu 2 zaidi, kwa sababu wale wakubwa watarudi walikozoea.

Mzinga wa zamani uachie seli moja iliyo wazi, yenye funza anayeelea kwenye ute mweupe. Fremu hiyo itie alama na usiikung'ute kamwe, funza atabanduka. Wafagie nyuki kwa unyoya. Baada ya siku 6 kata seli nyingine zote mpya, kisha usifungue kwa wiki 3 hivi, mpaka malkia mpya atoke, apandwe na aanze kutaga.