Chuo cha Sanaa Kimenivunja Moyo, Niache au Nimalize?

SWALI

Shikamoo anti. Mi ni msichana wa miaka 21, natokea Masasi, nipo mwaka wa pili kwenye chuo kimoja cha sanaa hapa Dar, jina silitaji maana bado nasoma hapo hapo. Kwenye tangazo lao waliweka picha ya karakana nzuri, wanafunzi wamesimama na stendi zao za kuchorea karibu na dirisha kubwa, na ile mashine ya kuchapia picha yenye gurudumu kubwa, nikamwonesha mama, mama akasema basi hela ya korosho ya mwaka huu iende huko yote. Sasa nimefika, karakana ipo kweli ila imejaa viti vibovu vya plastiki, na ile mashine wameifunika kitambaa juu wameweka jagi la maji na vikombe vya walimu, tangu nimekuja sijaona ikizungushwa hata siku moja. Prakto tunafanyia darasani kwenye viti vya kuandikia, rangi na brashi tunanunua wenyewe, siku nyingi ni slaidi na kunakili notsi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Semista iliyopita mkufunzi alirusha picha ya simba kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu aichore hiyo hiyo, tupo 16, basi zikapatikana simba 16 zinafanana. Asaimenti iliyofuata akasema tuchague wenyewe, wenzangu wakashusha twiga na tembo mtandaoni, mi nikapeleka mchoro wa mkaa wa mama anabangua korosho, nilimchora likizo nikiwa nimekaa naye uani. Akauangalia kidogo tu akasema hii haiuziki, akanipa 40. Tangu siku hiyo nikishika penseli mkono unakuwa mzito, na mama akipiga simu anauliza michoro inaendeleaje nasema vizuri mama, nikikata simu nalia. Je niache nirudi nyumbani nisimwongezee hasara, au nivumilie tu? Na picha ya ule mchoro nimekutumia, niambie ukweli anti, nina kipaji au najidanganya?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, hasa pale pa jagi la maji juu ya mashine, imeniuma jamani, mama wa watu kauza korosho zake mtoto aje aangalie vikombe.

Naanza na mchoro maana ndo nimeukalia muda mrefu. Ule mgongo wa mama yako umeupata, yaani mtu akiangalia anajua huyu kainama tangu asubuhi na bado kuna rundo la kubangua, uzito wote umeenda kwenye goti la kushoto na khanga imevutika pale pale inapotakiwa kuvutika. Hicho hakipatikani kwenye picha ya simu, umekipata kwa kukaa naye. Vidole ndo bado, umevichora vyote vinene sawasawa kama vya mtu aliyevaa glovu, na vidole vya mbanguaji si hivyo, yale mafuta ya ganda yanaunguza, ncha zinakuwa nyeusi na ngozi inabanduka, wewe unavijua kuliko mimi. Kwa hiyo ndio, jicho unalo. Mkono unataka mazoezi, na mazoezi ndo ulilipia ada upewe na hukupewa, hapo kosa la kwako silioni.

Hilo neno haiuziki limenikera kweli. Mwalimu anayesahihisha anatakiwa akwambie mwanga umetoka wapi, uwiano umekosea wapi, karatasi umeijaza vipi, bei ni habari nyingine kabisa. Na hata hiyo bei asikutishe nayo, Sam Ntiro, Mchaga wetu aliyesoma Makerere na baadaye London, alichora watu wa kijijini wakilima na kuvuna, na ile picha yake ya 1956 ya wanaume wanabeba pombe ya ndizi usiku kumpelekea bibi harusi ipo Museum of Modern Art, jumba la makumbusho ya sanaa kule New York, hakuna simba humo. Mzee Edward Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, majirani zenu kabisa, yeye wanyama alichora sana tena kwa rangi za kawaida za mafuta juu ya hadibodi, ila alichora wa kwake, ndo maana amefariki 1972 na jina lake linaitwa mpaka leo.

Sasa kuacha au kutoacha. Usiache katikati. Ingia kwenye tovuti ya NACTVET, lile baraza la taifa linalosajili vyuo kama chenu, uangalie mambo mawili, chuo kimesajiliwa, na kozi yako yenyewe imo, maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi fulani isiwemo, watu wengi wanaishia kuangalia jina la chuo tu. Ukikuta kozi haimo usilipe hata mia nyingine, beba risiti zako zote uende ofisi za NACTVET. Ikiwemo, na kama ulianza ngazi ya 4 kama wengi wa fomu foo, mwaka wa pili ni ngazi ya 5, ukiimaliza unayo astashahada mkononi na hakuna wa kukunyang'anya. Hapo ndo ufikirie kuhama, ngazi ya 6 ya stashahada ukaisomee pengine. Waulize mapema TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, wapo tangu 1981, na vyuo vingine, wanampokeaje mtu anayetoka chuo kingine na ngazi ya 5.

Na hiyo mashine msiiachie vikombe. Mpo 16, andikeni barua moja kwa mkuu wa chuo, fupi, ya adabu, mnaomba karakana isafishwe na mpangiwe masaa ya kuitumia kila wiki, wote msaini, nakala yenu igongwe muhuri na tarehe. Mtu mmoja akilalamika anaitwa mkorofi, darasa zima ni kitu kingine.

Wakati mnasubiri jibu usikae hosteli. Panda daladala uende Nafasi Art Space pale Mikocheni, wasanii wana studio zao humo tangu 2008, angalia maonesho, uliza maswali, wengi hawana roho mbaya. Siku nyingine nenda Mwenge kwa wachonga vinyago uchore mikono yao tu, jumamosi nzima mikono tu, karatasi za bei rahisi na mkaa wa jikoni vinatosha.

Mama naye mwambie. Usiseme tena vizuri mama, mwambie chuo hakipo kama tangazo, mwambie na mpango wako wa kumaliza ngazi ya 5, hela yake ile ana haki ya kujua ilikoenda. Halafu kuna kitu hukuandika, huo mchoro yeye mwenyewe ameshauona? Mtumie leo hii. Vile vidole virudie ukienda likizo, ukae karibu zaidi, ukivimaliza nitumie na mimi nivione.