Anayetania ahera ashike na jembe

Mhariri, salaam. Swali lenu la wiki liliuliza: je, ni halali kuyapigia mambo ya ahera hesabu za sayansi, hata kwa utani? Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tanga mjini, na jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: anayetania afanye na kazi.

Sharti hilo ni la watani wetu. Huku kwetu mtani akifika msibani humwigiza marehemu alivyotembea na alivyokopa, huzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na wengine hushuka kaburini wakadai kaburi ni lao. Wafiwa hucheka na machozi hayajakauka. Hakuna anayemwita mkufuru, kwa kuwa ndiye huyo huyo aliyechimba kaburi na kuteka maji. Aliyefuata ubwabwa tu hana ruhusa hiyo.

Sasa nitaje utani wa kisayansi ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 1972 jarida la Applied Optics la Marekani, linaloshughulika na mambo ya mwanga, lilichapisha hesabu fupi isiyo na jina la mwandishi, ikidai kwamba peponi kuna joto kuliko motoni. Ilianzia Isaya 30:26, panaposema kwamba mwanga wa mwezi utakuwa kama wa jua, na wa jua utazidi mara saba, kama mwanga wa siku saba. Mwandishi akahesabu: mwezi unaleta jua moja, jua linaleta saba mara saba, yaani 49, jumla 50. Kwa kanuni ya Stefan na Boltzmann, mnururisho, yaani joto na mwanga unaotoka kwenye kitu, hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto yake. Mahali panapopokea mwanga mara 50 patazidi kupata joto mpaka patoe kiasi kile kile panachopokea. Kipeuo cha nne cha 50 ni 2.66 hivi. Zidisha kwa halijoto ya dunia, kelvini 300 (kelvini ni kipimo cha halijoto cha wanasayansi), unapata kelvini 798, sawa na nyuzi 525 za Sentigredi. Ama motoni, Ufunuo 21:8 unataja ziwa la moto na kiberiti, yaani salfa, nayo huchemka kwenye nyuzi 445. Ikizidi hapo ni mvuke, ziwa hakuna. Basi motoni hapavuki 445, na peponi ni 525.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita hucheka mpaka wanapiga meza. Salfa sina haja ya kuwaeleza. Wengi wameinusa kwenye chemchemi za maji moto za Galanos, kule Amboni. Kicheko kikitulia, ubishi unaanza, na hapo ndipo ninapopataka. Binti mmoja aliuliza: “Mwalimu, kanieneo ya huko motoni ni ngapi?” Swali la maana mno! Nyuzi 445 ni za kanieneo, yaani presha, ya anga yetu. Ukiiongeza, salfa hubaki kimiminika kwenye joto kubwa zaidi, na dai lote linayumba. Mwingine alisema ile saba imehesabiwa mara mbili, kwa kuwa “mara saba” na “siku saba” ni jambo moja. Mwaka 1998 wanafizikia wawili wa Hispania walitoa hoja hiyo hiyo katika jarida la Physics Today: jua saba, mwezi moja, jumla nane, na pepo ikashuka hadi nyuzi 231.5. Kijana aliyesoma madrasa akaleta hadithi kwamba moto wetu ni sehemu moja katika sabini za moto wa Jahannamu, tukajadili kwa adabu: sabini ya joto linalotolewa, au ya halijoto yenyewe? Mnururisho ukiwa mara 70, halijoto katika kelvini haifiki hata mara tatu. Darasa zima likashika kalamu bila kuambiwa. Mimi ni mwalimu, na jambo hilo kwangu ni kubwa.

Linganisheni na gramu 21. Mwaka 1907 daktari Duncan MacDougall wa Haverhill, Massachusetts, alitangaza kwamba ameipima roho. Aliwalaza wagonjwa mahututi sita, mmoja mmoja, kwenye kitanda kilichokaa juu ya mizani. Mmoja alipokata roho, mizani ilionyesha upungufu wa robo tatu ya wakia, gramu 21 na kitu. Wawili aliwatoa katika hesabu, na waliosalia hawakulingana. Akawapima na mbwa 15, hakuona upungufu, akahitimisha kwamba mbwa hawana roho. Daktari mwenzake, Augustus Clarke, alimjibu kwamba pumzi ikikatika mapafu hayapoozi tena damu, mwili unapata joto na kutoa jasho, na jasho likikauka uzito unapungua. Mbwa hawatoki jasho kama sisi.

MacDougall hakuwa akitania hata kidogo. Gramu zake 21 hadi leo zinaingia kwenye simu yangu na maneno “sayansi imethibitisha”, na kila zikija zinaniuma, kwa sababu muumini anapewa mizani mbovu aegemeze imani yake. Yule mtani wa 1972 aliweka kila dhana yake mezani, mtoto wa shule akaweza kuipangua. Kwangu mimi huyo ndiye aliyeiheshimu ahera. Hakuipima pepo, alipima usomaji wake mwenyewe wa aya mbili.

Wanaohofia kufuru siwapuuzi. Darasani kwangu hakuna anayemtania Mungu, Mtume wala maiti wa mtu, na mwanafunzi asiyetaka kushiriki hupewa hesabu ya kawaida ya joto la jiko. Hajatokea aliyeichagua.

Hivi sasa tunabishania mwanga unaoakisiwa, yaani unaorudishwa bila kupasha joto. Dunia huakisi asilimia 30 hivi ya mwanga wa jua. Pepo ikiwa nyeupe, ikaakisi asilimia 80, zile nyuzi 525 zinashuka hadi kama 310, chini ya salfa inayochemka, na madai ya 1972 yanaanguka. Kundi la pili limeleta Ufunuo 21:21, njia ya dhahabu safi. Dhahabu iliyosuguliwa huakisi sana, lakini hutoa mnururisho kidogo mno, hivyo juani hupata joto kuliko rangi nyeupe. Wa rangi nyeupe wamekataa, wanasema njia si mji mzima, na wamedai kwanza tukadirie njia hiyo ina upana gani.