Mchezo baadaye, kwanza upepo

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Ukiwa na siku moja tu kwenye ufuo wa Mediterania, ulipie mchezo gani wa majini?" Kwa anayekwenda Ugiriki kiangazi, ubao wa tanga (windsurf). Ubao wa kasia, ule wa kusimama, simshauri mtu. Lakini hata kabla ya mchezo, aulize upepo unatokea upande gani.

Aliyezoea Paje, Zanzibar, atadanganyika. Kule kusi na kaskazi humsogeza mtu pwani, na hesabu kubwa ni maji kupwa na kujaa. Kwenye Bahari ya Aegean maji hupanda na kushuka sentimita chache tu. Kinachotawala Julai na Agosti ni meltemi, upepo wa kaskazini unaokaza alasiri. Fuo za kusini mwa visiwa huupata ukitokea nchi kavu, kwa hiyo ukingoni maji ni shwari: mawimbi hayajapata umbali wa kukua. Mita mia tatu nje, mambo mengine.

Prasonisi, ncha ya kusini ya kisiwa cha Rhodes, ni ukanda wa mchanga wenye bahari pande mbili. Upande mmoja mawimbi, wa pili maji bapa, na mgeni hukimbilia bapa, ambako upepo unaelekea bahari kuu. Mtazameni wa ubao wa kasia. Akisimama, mwili wake ni tanga. Ubao wa kupulizwa wa futi 10 na nusu hauna mkuku, una pezi tu nyuma. Ameujaza hewa ya psi 10 (kipimo cha shinikizo) badala ya 15, kwa sababu pampu huwa ngumu mwishoni, basi unabonyea katikati na kuburura maji. Kasia nalo kalishika kinyume. Bapa lake lilipaswa kuinamia mbele. Kwenda nje ni raha, upepo uko mgongoni wala hausikii. Akigeuka ndipo anapopiga kasia na nchi haisogei.

Hapo apige magoti na kufupisha kasia. Ikishindikana alale kifudifudi, kasia chini ya kifua, apige maji kwa mikono, akielekea nchi iliyo karibu hata kama siko alikotoka. Kamba ya mguuni isifunguliwe, na asiuache ubao aogelee: ubao huonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Simu iwe kwenye mfuko usiopenya maji, nambari ni 112.

Ubao wa tanga je? Mwanafunzi hupewa ubao wa lita 200 na tanga la mita 3 za mraba, kwenye shule yenye boti ya uokoaji. Sawa. Ila meltemi ya alasiri humwangusha kila dakika, na saa nzima huisha akivuta tanga kwa kamba kulitoa majini. Kwa wiki nzima ningebaki na jibu langu. Kwa siku moja, hapana: chukueni hilo kasia nililolikataa, saa moja hadi saa tatu asubuhi, mkiambaa ufuo, na jaketi la kuokolea mwilini.

Siku nyingine meltemi hailali hata usiku. Bendera ya mgahawa ikielekea baharini mapema hivyo, msikodi ubao. Nunueni raketi za mbao kama Wagiriki, mcheze pale mchanga ulipolowa, kwani kwenye mkavu miguu huzama.