Jibu: Mwanakondoo mweusi wa Herdwick si chotara

Salamu, ndugu. Umeuliza kama mwanakondoo mweusi aliyezaliwa na kondoo wa kijivu wa aina ya Herdwick ni chotara. Nilipochunga huko Cumbria, Uingereza, nilikuwa na shaka hiyohiyo, lakini weusi ndio kawaida yao: sufu hugeuka hudhurungi, kisha kijivu, na uso huwa mweupe kadiri anavyokua. Kagua kwanza pembe za wazazi, kwa kuwa majike hawana pembe, ilhali madume wengi wanazo. Kuhusu asili, simulizi husema kondoo hawa waliletwa na Wavikingi, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia. Zaidi ya rangi, mwanakondoo hujifunza mipaka ya malisho yake mlimani kwa kumfuata mama, bila uzio. Ndiyo maana ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka mwaka 2001 pigo lilikuwa kubwa, maana kondoo waliopotea hawakuweza kubadilishwa kirahisi: kondoo wa kununuliwa kwingine hajui mlima huo.