Zoezi la Jumamosi Haliwezi Kubeba Wiki Nzima

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba mtu anayekimbia kila Jumamosi kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, mwendo wa takriban kilomita 10, hawezi kusumbuliwa na presha. Siku sita zilizobaki nilikuwa nimekaa, kwa sababu mimi ni karani wa ghala la korosho na kazi yangu ni kiti, meza na stakabadhi. Nilipopima, presha ilikuwa 148 kwa 94, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa milimoli 6.5 kwa lita, yaani karibu kabisa na 7, kiwango ambacho kisukari huanzia.

Muuguzi alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Msuli unapofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, homoni inayosaidia sukari kuingia kwenye seli, na baada ya zoezi huendelea kuiitikia insulini vizuri kwa saa 24 hadi 48 hivi, kisha faida hiyo hufifia. Jasho langu la Jumamosi, kwa hiyo, lilikuwa limekwisha kazi yake ifikapo Jumatatu. Madhara ya kukaa yanajulikana tangu zamani: mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa ya London walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta wao, ambao siku nzima walipanda na kushuka ngazi.

Daktari alinipa miezi mitatu kabla ya kufikiria vidonge. Tangu hapo, baada ya swala ya alfajiri, natembea ufukweni Shangani dakika 30, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao naweza kuzungumza lakini siwezi kuimba, na sikubali siku mbili zipite mfululizo bila kutembea. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo pia linataka mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Hayo ya nguvu nawasihi sana msiyapuuze, kwa kuwa msuli ndio ghala kuu la sukari mwilini, na ghala dogo hujaa upesi; mimi huchuchumaa na kuinuka, na kunyanyua ndoo za maji. Usiku nikishakula wali wa nazi, natembea dakika 10 kabla ya kuketi.

Miezi mitatu ilipotimia presha ilikuwa 132 kwa 84 na sukari 5.8, ingawa uzito ulipungua kilo mbili tu. Msikate tamaa mizani ikigoma. Oktoba msimu wa korosho ulipofunguliwa niliacha kwa wiki tatu, na sukari ikapanda hadi 6.3.

Anayebanwa kifua akitembea, au anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari, amwone daktari kwanza, na aliyeandikiwa vidonge vya presha asiviache kwa sababu ameanza mazoezi.

Wiki hii malori yameanza tena kupanga foleni getini. Safari hii viatu vyangu vya kutembelea viko chini ya meza ya stakabadhi, na nauzunguka uzio wa ghala dakika 10, mara tatu kwa siku.