Mdogo wangu, historia ya Korea haisomwi kwa Kiingereza

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Dodoma. "Dada shikamoo. Nimemaliza digrii ya historia, nataka kwenda Korea kusoma uzamili. Naipenda sana historia yao. Nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikaona bora niliweke hapa, kwa sababu ujumbe wa namna hii unanijia karibu kila mwezi, na nikijibu mmoja mmoja kuna jambo nitalisahau.

Marahaba, mdogo wangu. Nahisi najua ulikoanzia, maana ndiko nilikoanzia mimi. Kibanda umiza cha mtaani kwetu Mbarali, tamthilia ya Kikorea iliyotiwa maneno ya Kiswahili, mawaziri wamepiga magoti mvuani wakimlilia mfalme abadili hukumu. Nilikuwa natoka pale na swali moja tu: haya yalitokea kweli?

Baadaye nikaja kujua kwamba zipo kumbukumbu za wafalme wa Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, zinazohusu miaka 472, zilizotungwa kutokana na maandishi ya waandishi waliokaa barazani mfalme akizungumza. Mfalme mwenyewe hakuruhusiwa kusoma walichoandika juu yake. Mwaka 1404 mfalme Taejong alianguka kutoka juu ya farasi akiwa mawindoni. Akaangalia huku na huku, akasema mwandishi wa historia asijue. Na mwandishi akaandika kila kitu, pamoja na hiyo amri ya kutoandika. Siku niliyosoma habari hiyo sikuweza kukaa. Niliinuka nikazunguka chumbani. Nikasema, watu walioandika hivi, nitawasoma maisha yangu yote.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyonifikisha, lakini hayakunisaidia kazi ilipoanza.

Mambo ya ufadhili siyasemi sana. Niliomba ule wa serikali ya Korea, nikapata mara ya pili, nikakaa mwaka mmoja wa lugha, nikafaulu TOPIK, mtihani wa Kikorea kwa wageni, daraja la 5. Nikaona sasa Kikorea nakijua. Naongea na watu sokoni, nasoma gazeti, natazama taarifa ya habari bila maandishi ya chini. Nikaandika pendekezo la utafiti wangu kwa kujiamini kabisa.

Mada yangu ilikuwa kulinganisha Saemaul, kampeni ya Korea Kusini ya kuendeleza vijiji, na vijiji vyetu vya ujamaa. Haikuwa mada ya kuokota. Baba yangu ni mmoja wa waliohamishwa mwaka 1974 katika Operesheni Vijiji. Nimekua nikisikia habari za nyumba waliyoiacha na mwembe wake. Saemaul ilianzishwa na Rais Park Chung-hee mwaka 1970, na katika hatua ya kwanza serikali iligawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, vijiji zaidi ya 33,000, wanakijiji waamue wenyewe watajenga nini. Nilitaka kujua kwa nini kule saruji ilizaa barabara na madaraja, na kwetu mambo yakaenda tulivyoyaona.

Nilipowasilisha, profesa mmoja kwenye jopo hakugusa hata mada. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mimi natoka Afrika, kwa nini nisiandike kuhusu misaada ya Korea kwa Afrika? Historia ya Korea yenyewe, akasema, niwaachie wanaoweza kusoma nyaraka.

Maneno hayo bado ninayo. Nimeyabeba miaka saba. Usiku ule nililia bwenini, nikampigia mama nikamwambia mafua yamenibana. Lakini kilichoniuma zaidi nilikigundua miezi michache baadaye: nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Nyaraka nilikuwa siwezi kuzisoma.

Ilikuwa hivi. Swali la saruji lilinirudisha nyuma. Saruji ile ilipokelewa na nani? Na wakulima wenye mashamba yao wenyewe. Na hao mashamba waliyapata wapi, wakati enzi ya ukoloni wa Kijapani wakulima wengi walikuwa wapangaji, wakimpa kabaila nusu ya mavuno au hata zaidi? Jibu liko kwenye mageuzi ya ardhi. Kaskazini waliyafanya mwaka 1946, ardhi ikachukuliwa na kugawiwa bure. Kusini sheria ilipita Juni 1949 na kurekebishwa Machi 1950. Hakuna kumiliki zaidi ya jeongbo 3, ambazo ni kama hekta 3. Mkulima ananunua shamba analolima kwa thamani ya asilimia 150 ya mavuno ya mwaka mmoja, analipa kwa miaka mitano, asilimia 30 kila mwaka. Makabaila walilipwa kwa hati za dhamana, kisha vita vikaja Juni 25 mwaka huohuo, bei zikapaa, hati zile zikaliwa na mfumuko wa bei. Waziri wa kwanza wa kilimo aliyeisukuma kazi hiyo, Cho Bong-am, alinyongwa mwaka 1959 kwa kosa la ujasusi. Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ilimsafisha mwaka 2011. Mtu amekaa kaburini zaidi ya nusu karne ndipo anaambiwa hakuwa na hatia. Mimi hapo nikaona mada yangu halisi nimeipata.

Nikapata nakala za hati za malipo za wakulima wa wilaya moja. Karatasi nyembamba, zimeandikwa kwa mkono, zina mihuri myekundu. Nikazisoma wiki mbili, nikaenda kuwasilisha semina. Juu ya kila hati kulikuwa na tarakimu nne za Kichina, 4283, na mbele yake herufi mbili nilizoziruka kwa kuwa sikuzijua. Muhuri ulikuwa umefunika herufi iliyofuata. Nikaamua ni namba ya jalada. Na juu ya hiyo namba nikajenga hoja nzima kuhusu hati ngapi zilitolewa wilayani.

Ukumbi ukanyamaza. Mkorea mmoja, mwanafunzi mwenzangu, akasema taratibu: "Huo ni mwaka."

Ni mwaka, mdogo wangu. Kuanzia 1948 hadi mwisho wa 1961 Korea Kusini ilihesabu rasmi miaka tangu kuasisiwa kwa taifa lao kunakosimuliwa katika hekaya ya Dangun, 2333 kabla ya Kristo. Toa 2333 kwenye 4283, unapata 1950. Herufi mbili nilizoziruka ndizo zilizokuwa zikinieleza hivyo. Hoja yangu ikafa pale pale mbele ya watu kumi na wanne, na profesa yule alikuwa mmoja wao.

Ndiyo maana nakuambia, kabla ya nadharia, kabla ya kutafuta msimamizi, jifunze hanja, yaani herufi za Kichina zinazotumika katika Kikorea. Hangul, alfabeti yao wenyewe, utaisoma ndani ya wiki, Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 ili iwe rahisi, na kweli ni rahisi. Lakini nyaraka za serikali ziliendelea kuandikwa kwa Kichina cha kale hadi miaka ya 1890, na hata katikati ya karne ya 20 karatasi za ofisini zimejaa hanja. Orodha ya msingi ya shule ina herufi 1,800. Nilijipa kumi kila siku kabla ya uji. Miezi sita. Siku nyingine mkono ulikufa ganzi, siku nyingine niliandika nalia, lakini sikuruka siku.

Aliyenifungua macho hasa ni mama mmoja wa maktaba. Alinikuta nakodolea hati ileile, akavuta kiti. Akanionyesha kwamba kwenye hesabu za fedha na nafaka hawatumii tarakimu za kawaida. Tatu haiandikwi kwa mistari mitatu, inaandikwa kwa herufi ndefu yenye mikato mingi ili mtu asiongeze mstari akaibadilisha. Nikamwambia na sisi kwenye hundi tunaandika kiasi kwa maneno kwa sababu hiyohiyo. Akacheka, akaniuliza kwetu mpunga tunaupima kwa nini. Nikasema debe. Akauliza debe ni lita ngapi. Nikasema ishirini. Akagonga meza kwa kidole: "Hii ni mal. Lita kumi na nane." Na mal kumi ni seok moja. Tangu siku hiyo hati zile zikaacha kuwa michoro. Nikawa naona madebe. Mtu kalima, kavuna, kapeleka madebe kumi na mbili ofisini, kapigiwa muhuri, karudi nyumbani. Nimekulia Mbarali, hilo sihitaji kufundishwa na kitabu.

Tarehe nazo zichunge. Nyaraka za ukoloni zinahesabu kwa miaka ya wafalme wa Japani, Showa 15 ni 1940. Kabla ya Januari 1, 1896, walifuata kalenda ya mwezi, kwa hiyo "mwezi wa kumi na mbili" wa karatasi unaweza kuangukia Januari ya mwaka unaofuata wa kwetu. Na majina: ukoo mmoja utaukuta Lee, Yi na Rhee. Rais wa kwanza wa Kusini anayeitwa Syngman Rhee, kwingine utamkuta kama Yi Seungman. Ukitafuta kwa tahajia moja tu, nusu ya maandishi yatakupita. Tafuta kwa Kikorea.

Na usiseme nitaanza nikifika Seoul. Kumbukumbu za Joseon ziko mtandaoni bure, pamoja na tafsiri ya Kikorea cha leo. Tasnifu nyingi za vyuo vyao unazipakua bure kupitia RISS, tovuti yao ya tasnifu na makala za utafiti. Magazeti ya zamani kuanzia 1920 yapo kwenye maktaba ya habari ya Naver, tovuti kubwa ya Kikorea, kurasa zenyewe, na matangazo ya dawa za tumbo pembeni. Ukiwa Dodoma na bando lako unaweza kusoma gazeti la wiki ambayo sheria ya ardhi ilipita. Anayekuambia haiwezekani hajajaribu.

Mwezi uliopita makala yangu ilikubaliwa na jarida la huko, kwa Kikorea, baada ya kukataliwa mara mbili. Mhakiki mmoja alisifu hasa sehemu ya vipimo vya nafaka. Naisema hii wazi kwa kuwa nimeilipia. Profesa yule alikuwepo ukumbini nilipotetea tasnifu. Hakuuliza swali hata moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yake kwa miaka minne.

Vijana wetu, nawaomba. Msikubali kuambiwa mada yenu ni ipi kwa kuangaliwa usoni. Misaada ya Korea kwa Afrika ni mada nzuri, nendeni nayo kama inawakosesha usingizi. Ila kama kinachokukosesha usingizi ni mfalme aliyeanguka farasini, nenda na mfalme, na uende ukiwa unajua kusoma alichoandikiwa. Wazungu wanaandika kuhusu sisi kila siku, na walio bora kati yao ni waliojifunza Kiswahili kwanza. Sisi nasi tuwape Wakorea heshima hiyohiyo. Usipeleke pendekezo lenye vitabu ishirini vyote vya Kiingereza. Rudia, mdogo wangu: lugha, kisha herufi, kisha karatasi yenyewe. Nadharia utasomea kwenye basi.

Likizo nilimpigia baba nikamtafsiria hati moja mwanzo hadi mwisho, jina la kijiji, eneo la shamba, madebe ya kila mwaka. Akasikiliza kimya. Kisha akauliza, "Na mwaka wa tano? Alimaliza kulipa?"

Nikaiangalia tena. Kwenye karatasi niliyonayo kuna mihuri minne. Mei narudi kule wilayani kuutafuta wa tano.